Kupanga lupu kwa GarageBand: uzoefu wangu hapa Kakamega

Ninatengenezea biti wasanii wa mtaani na vijana wa kwaya, na mtu akija kwangu hajui pa kuanzia, ninampa iPad yenye GarageBand, programu ya kutengenezea muziki. Ni ya bure, ila ni ya vifaa vya Apple pekee. Mwenye simu ya Android ajaribu BandLab, nayo pia hailipiwi.

Kinachowavuta wanaoanza ni ukurasa wa Live Loops, wa kupanga lupu, yaani vipande vifupi vya muziki vinavyojirudia. Kila mstari ni ala moja, na kila safu ya kusimama ni sehemu ya wimbo. Gusa mshale ulio chini ya safu, ala zake zote zitaingia pamoja, tena hazikurupuki: zinangoja kipimo kipya (kundi la midundo, mara nyingi minne) kianze. Lupu za humo zinafuata kasi na ufunguo wa wimbo wako zenyewe, kwa hivyo hata asiyejua do wala re anapata kitu cha kusikilizika haraka.

Shida ni kwamba anayeanza hujaza kila kisanduku, halafu anacheza vyote mwanzo hadi mwisho. Huo si wimbo, hizo ni kelele za stendi ya matatu. Mimi huwaambia watengeneze safu moja iliyojaa, wainakili, kisha kwenye kila nakala wapunguze. Ondoa besi kwenye ubeti, acha kinanda peke yake kabla ya kiitikio. Ukiridhika, bonyeza kitufe cha kurekodi na uguse safu kwa mpangilio wako. Yote yatahamia kwenye ukurasa wa traki, yaani mistari ya rekodi ya kila ala, ambako unaweza kukata na kusogeza. Angalia tu kwamba sehemu mpya huanza ikiwa na urefu wa vipimo 8. Wimbo ukikatikia hapo, gusa alama ya kujumlisha juu kulia na uchague urefu wa kujirekebisha.

Raha yangu hasa ni kutengeneza lupu za isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho iliyoingizwa mwaka 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni unaohitaji kulindwa haraka. Ninaweka mdundo wa 6/8 (mapigo sita kwa kila kipimo), kisha ninarekodi ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, kila moja kivyake. Lakini mpigaji wa isukuti hupanda moto na wachezaji, mwisho wa rekodi unakuwa na kasi kuliko mwanzo, na lupu ikijirudia unasikia kabisa pale ilipoungwa. Mzee anayenipigia aliikataa ile tiki-tiki ya metronomu masikioni, ya kumshikia kasi. Nikamwekea lupu ya kayamba badala yake, akaifuata kama anayempigia mtu. Sasa ninamwacha apige kwa muda mrefu, ninachukua vipimo vinne vya katikati alipotulia, tena vipande viwili tofauti ninavyopokezanisha, ili sikio lisichoke.

GarageBand ninaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu kwenye iPad wimbo mzima una kasi moja. Toleo la Mac lina traki ya kubadilisha kasi. Isukuti bila kupanda mwishoni haijakamilika. Kwa hivyo, badala ya kasi ninaongeza njuga, halafu pembe, halafu ngoma ndogo mara mbili. Kwenye harusi juzi hakuna mchezaji aliyelalamika.