Saa ya Jikoni Iliyonifungulia Mfuko wa Risiti
Saa hii ndogo ya kuzungusha kwa mkono, yenye umbo la tungule (nyanya, kama wasemavyo wenzetu wa bara), niliinunua sokoni Darajani, Unguja, ili inichungie wali jikoni, lakini kazi iliyoifanya vyema zaidi ni kunikalisha mbele ya mfuko wa risiti za duka niliokuwa nikiukwepa tangu kabla ya Ramadhani. Utaratibu wenyewe si wangu: Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi nchini Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, alitumia saa ya namna hiyohiyo, na mpango wake ni kufanya kazi kwa dakika 25, kisha kupumzika dakika 5. Nadhani unafaa kwa sababu mtu hajiahidi kuimaliza kazi, anajiahidi kuianza tu, na kwangu uzito wote ulikuwa katika kuufungua ule mfuko. Mlio wa saa hii unaudhi usiku watoto wakiwa wamelala, na alama za dakika zimekwishaanza kufutika. Hata hivyo, hesabu zilikamilika kwa vipindi sita vya jioni mbili, na wali haukuungua.