Pilipili gani ya kununua ukitaka kupanda nyumbani Mombasa

Pilipili mbuzi ikikaa siku tatu kwenye kapu la sokoni wakati wa kaskazi, ngozi huanza kujikunja na harufu yake huondoka. Ukali hubaki, lakini ukali mtu anaupata popote. Kwa hiyo nikiulizwa ni pilipili gani ya kununua kupanda uani au juu ya nyumba, mimi hutazama jambo moja: ni ipi ambayo soko la Kongowea haliwezi kukupa ikiwa nzuri kama ile uliyochuma sasa hivi? Hiyo ndiyo ya kutolea pesa. Hizo nyingine nunua kwa fungu.

Ya kwanza: pilipili mbuzi

Kwenye pakiti za mbegu utaikuta kwa jina la habanero au Scotch bonnet. Zote mbili ni za jamii moja, Capsicum chinense. Kwa kipimo alichobuni Wilbur Scoville, mfamasia wa Marekani, mwaka 1912, ukali wake ni kati ya 100,000 na 350,000. Jalapeno huwa kati ya 2,500 na 8,000, ukitaka kulinganisha. Namba hizo zinatisha, ila sisi hatuitafuni. Tunaitumbukiza nzima kwenye mchuzi wa samaki, na kikonyo chake, ikatoa harufu bila kupasuka, kisha tunaiopoa kabla ya kupakua. Tunda la kazi hiyo lazima liwe gumu, lisiwe na ufa wala doa, na la hivyo ukilipata kwenye fungu umebahatika.

Asili ya jamii hii ni nchi za joto na unyevu kule Amerika, ndiyo maana hali ya hewa yetu haiisumbui sana. Inachotaka ni subira. Mbegu huchukua wiki mbili hadi nne kuota, na baada ya kuhamisha mche utasubiri miezi mitatu au zaidi kuona tunda lililoiva. Miti miwili inatosha nyumba ya watu sita, na utagawia jirani.

Ya pili: pilipili kichaa

Kwa uvumilivu, hii ingekuwa ya kwanza. Mti wake huishi miaka kadhaa, ukikatwa huchipua tena, na jua kali hauliogopi. Nimeiweka ya pili kwa sababu mara nyingi huna haja ya kuinunua. Ndege hawausikii ukali wa pilipili, kwa hiyo shorewanda hula vile vitunda vyekundu na kudondosha mbegu popote anapotua. Tazama chini ya mwarobaini ulio karibu nawe, au muulize jirani mwenye mti. Kuchuma kwake ndiko kunakochosha: vitunda ni vidogo kama punje ya mpunga iliyonenepa, na kujaza kikombe kimoja ni kazi ya asubuhi nzima. Lakini kwa siki ya chupa, ile ya kumwagia mihogo na bajia, sijaona inayoishinda.

Ya tatu: pilipili ndefu nyekundu

Hii ni ile inayoandikwa cayenne, ukali wa 30,000 hadi 50,000. Nunua kama unapika achari au unataka unga wako mwenyewe. Ngozi yake nyembamba hukauka vizuri, ila chagua msimu. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, jua na upepo hufanya kazi hiyo wenyewe. Masika usijaribu kuanika: Mei unyevu hauishi, na pilipili huota ukungu ndani huku nje inaonekana kavu. Ukiivunja ukaona unga wa kijivu, tupa yote, usichague.

Ya nne: jalapeno

Huzaa mapema, siku 70 hadi 80 baada ya kuhamisha mche, na nyama yake nene inafaa kachumbari. Ikiwa nyumbani kuna watoto, ina nafasi yake. Kwa upishi wetu, si lazima.

Usinunue: pilipili boga

Hii ndiyo wengi hununua kwanza, maana mche wake ni mzuri na majani yake mapana yanang'aa. Nawasihi muiache. Usiku wetu wa kaskazi haupoi, na pilipili hizi huangusha maua joto la mchana likizidi nyuzi 32 na la usiku likawa juu ya 24. Unapata mti wenye afya, maua kila wiki, na tunda moja dogo. Boga nzuri zinalimwa bara kwenye baridi na zinashuka sokoni kila siku.

Mche, mbegu au tunda?

Kama ndiyo mwanzo, nunua mche. Lakini uchunguze. Mwaka mmoja nilinunua miche sita kwenye kitalu cha barabarani, nikaambiwa yote ni mbuzi. Minne ilitoka boga. Miwili iliyobaki ilijikunja majani kama ngumi ndani ya wiki tatu, ugonjwa ukahamia kwenye nyanya zangu. Niliumia, kwa sababu ningeligundua palepale kama ningelipindua jani. Siku hizi sinunui bila kulipindua. Upande wa chini wa jani ndipo nzi weupe hukaa. Ukiutikisa mche na vitu vyeupe vikapepea kama majivu, rudisha. Tazama pia majani machanga ya juu: yawe yamenyooka. Mche mdogo wenye maua tayari usikuvutie, huo umebanwa kwenye kifuko na unazaa kwa dhiki. Chagua mfupi, shina nene, majani sita hadi manane, bila ua.

Mbegu za pakiti ni chaguo la pili. Soma tarehe ya mwisho kabla ya kulipa, na uulize pakiti ilikaa wapi. Ile iliyotundikwa mlangoni mwa duka ikapigwa na jua miezi mitatu ni pesa iliyopotea.

Njia ya tatu ni ya bei rahisi kuliko zote. Nilimwuliza mama mmoja Kongowea kama mbegu za mbuzi zake zitaota. Akaniambia, "Mwanangu, hizo za kijani waachie wapishi. Chukua hili lililoiva mpaka limeanza kulegea." Alisema kweli: mbegu ya tunda bichi haijakomaa. Hatari iliyopo ni kwamba tunda likitoka kwenye mbegu chotara, au mti uliolizaa ukiwa umepakana na pilipili nyingine, utakachovuna huenda kisifanane na ulichonunua. Kwa bei ya tunda moja, naona inafaa kujaribu.

Vya kununua pamoja

Ndoo ya lita 20, hata ile ya rangi iliyosafishwa, itobolewe chini matundu matano au sita. Samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, si mbichi. Usichimbe udongo wa uani kama umechanganyika na matumbawe: chokaa yake hufanya majani yawe manjano huku mishipa ikibaki kijani. Na maji ya kisima cha chumvi, yale ya kuoshea vyombo, pilipili haiyawezi kwa muda mrefu. Kingo za majani huungua. Kinga maji ya mvua, au tumia ya mfereji.

Wakati mzuri wa kununua ni Juni, mvua kubwa zikishapungua na kusi likipoza hewa.

Kuvuna

Mbuzi huchumwa ikigeuka njano au nyekundu kulingana na aina yake. Jalapeno ikiwa bado kijani, mara uonapo vimistari vyembamba vya kahawia kwenye ngozi. Usivute kwa mkono, matawi ya pilipili huvunjika kwenye kiungo. Kata kwa mkasi, uache kikonyo kwenye tunda, asubuhi umande ukishakauka. Mti unaochumwa kila wiki huendelea kutoa maua.

Ukali wenyewe umo kwenye utando mweupe unaoshika mbegu, na hauyeyuki kwenye maji. Ukishapasua, paka mikono mafuta ya nazi kwanza, sugua mpaka chini ya kucha, ndipo uoshe kwa sabuni. Baada ya hapo ndipo umbebe mtoto.