Seti ya mazoezi ya bega ya Darajani: roda safi, mipira sawa, mkanda wa mkono hamna kitu

Hii nawaandikia wakwezi na wachumaji, yaani mtu wa minazi au wa mikarafuu ambae bega limeshafanyiwa opresheni au daktari wa mifupa keshamwambia lazma lifanyiwe. Kuna seti ya mazoezi ya bega inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali pale Darajani Unguja, na huku Pemba naona watu wameanza kuagiziana kwa boti, na kila mtu ananiuliza mie kwa vile walioniona na mkono umefungwa ni wengi. Basi haya ndio majibu, msinipigie tena simu saa nne za usiku jamani.

Ndani ya mfuko mna roda ya kutundika mlangoni na kamba yake, mipira bapa ya kuvuta ya rangi tano, na mkanda wa kutundikia mkono shingoni. Nlinunua elfu arubaini na tano. Karatasi ya maelezo ni Kichina na Kiingereza tu, na ina picha za mtu anacheka anavuta mpira tangu ukurasa wa kwanza, wakati aliotoka opresheni ya kano (ule uzi mgumu unaoshikisha nyama kwenye mfupa) hatakiwi kuugusa huo mpira mpaka karibu wiki 12, tena kwa ruhusa ya mtu wa fizio, yaani yule wa hospitali anaekusimamia mazoezi ya viungo. Kwa hiyo karatasi fungia karanga.

Roda ndio iliyonifaa, na peke yake ingenitosha. Unakaa kwenye kiti, kila mkono unashika kishikio chake, mkono mzima unavuta chini na ule mbovu unapanda wenyewe bila ya kufanya kazi. Hapo ndio penye siri. Kano ikishachanika daktari anaishona upya kwenye mfupa, na mfupa na kano havishikani haraka kama ngozi inavyofunga, kwa hiyo wiki 6 za mwanzo mkono uko kwenye mkanda na ukitikiswa unatikiswa na kitu chengine, sio na nyama zake wenyewe. Lakini ukiuacha tu umelala kwapani bega linaganda, na bega lililoganda yakhe, kuvaa fulana ni vita. Roda inakupa njia ya kati. Fizio wangu aliniruhusu nianze nayo baada ya yale mazoezi ya kuinama na kuuacha mkono ubembee, wengine wanaruhusiwa mapema na wengine wanacheleweshwa, inategemea kano imechanika kiasi gani, usimuige jirani yako.

Ila imetengenezwa kwa milango ya watu wengine. Ule utepe unatakiwa ubanwe juu ya mlango ukishafungwa, sasa mlango wangu wa mbao juu una uwazi unapita mkono, ukivuta utepe unachomoka na roda inakushukia kichwani. Nliitoa nikaifunga kwenye boriti la ukumbini, ikakaa. Watoto wakaifanya pembea, hilo ni tatizo jengine.

Mipira nusu kwa nusu. Manjano ndio laini, inapanda mpaka nyeusi, lakini ukiwahi kutumia mipira ya hospitali usiziamini rangi, kila kiwanda na mpangilio wake, nyekundu ya hii seti ni ngumu kuliko ile ya kule kwenye fizio. Wa manjano ulikatika mapema, na hapo lazma niseme haki, mpira na mafuta ya nazi haviendani na mie mikono yangu haikauki mafuta. Osha mikono, ukimaliza pangusa mpira utie poda, usiuanike juani pamoja na karafuu. Zoezi kubwa ni lile la kubana taulo iliokunjwa baina ya kiwiko na mbavu halafu unavuta kwa kwenda nje, taratibu, unarudi taratibu zaidi. Linaonekana la kitoto mpaka ufike mara ya kumi.

Mkanda wa mkono sasa. Sijui alipimwa nani. Mfuko wa kiwiko mfupi, kiganja kinaning'inia nje mpaka vidole vinavimba, ule utepe wa shingoni unakata, na kwa joto la kaskazi kile kitambaa kinanuka siku ya pili. Kama hospitali wamekupa ule wenye kimto cha kukaa ubavuni endelea na huo huo, kimto kile kimewekwa makusudi ili kano isivutwe, usije ukaubadilisha na huu kwa sababu huu mwepesi. Na kama unavuka na boti kurudi Mkoani, kaa upande ambao bega bovu liko ukutani, maana abiria akiyumba anashika chochote.

Sasa la muhimu kwetu sie. Hii seti inakufikisha kwenye kuishi, haikufikishi juu ya mti. Nikaweza kujimwagia maji, nikaweza kunyanyua mikono kwenye takbira (kusujudu kulichukua muda zaidi kwa ule uzito unaoingia mikononi, nlikuwa nasali kwenye kiti), lakini mpira wa kuvuta ubavuni haukufundishi kujishika kwa mkono mmoja na mwengine unavuta tawi kwa kigoe. Mkarafuu mkubwa unafika mita 10 na zaidi, na matawi yake yanakatika bila ya kuonya, siku likikatika ule mkono ndio unaokudaka. Fizio wangu ilibidi nimueleze kwa vitendo tunavyokaa mtini, akasema "kumbe!", halafu akanitungia yake: kushika tawi la chini la mwembe huku miguu iko ardhini, kila wiki unaongeza uzito kidogo, baadae kuchuma matawi ya chini tu kwa kusimama. Hayo kwenye karatasi hayamo. Kazi nzito ya mikono juu madaktari wengi wanasema miezi 6 na kuendelea, na wapo wasiorudi kabisa, wanabaki kuchambua na kuanika na bado wanakula.

Na maumivu yanaondoka kabla ya kano kukomaa, ndio linalowaponza watu, hasa msimu ukiingia na pishi zinalipwa pesa taslimu. Ami yangu alinishikilia nende kwa mkandaji, eti nyama zimelala. Nlimwambia ami, hii imeshonwa, ukiikanda unaifumua. Alinuna wiki nzima.

Kwa ufupi nyota tatu, mbili kati ya hizo ni za roda. Kama huna haja ya mipira usinunue seti, nenda duka la vifaa vya ujenzi, nunua roda ndogo na kamba laini ya kiasi cha mita tatu, vishikio chonga mwenyewe, hata elfu kumi na tano haifiki. Na ukinunua seti jaribu mkanda pale pale dukani mbele ya muuzaji, mie nliporudi na risiti niliambiwa vitu vya kuvaa mwilini havirudishwi.