Redio ya tahadhari kando ya kitanda, na deni letu kwa Kanali Robert Miller

Redio ninayoitathmini hapa ni kisanduku cha mezani kisichopiga muziki wala kusoma habari za siasa. Kazi yake ni kusikiliza usiku na mchana matangazo ya Huduma ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, kukaa kimya muda wote ambao hakuna hatari, na kupiga king'ora pale tu ambapo watabiri wametoa onyo kwa kaunti uliyoiandikisha. Nimeinunua kwa takriban dola 40 hapa Bowling Green, katika jimbo la Kentucky, na jina la kiwanda silitaji kwa sababu redio za aina hii zinafanana mno, hata nitakayoyasema yanazihusu karibu zote. Tathmini yangu ni ndefu kuliko kawaida kwa kuwa naamini kila nyumba ya Waswahili katika majimbo yenye tonado inastahili kuwa na kifaa hiki, na kwa kuwa sioni namna ya kukisifu kwa haki bila kumkumbuka Robert C. Miller, afisa wa hali ya hewa wa Jeshi la Anga la Marekani aliyestaafu akiwa kanali, ambaye pamoja na mwenzake Ernest J. Fawbush alionyesha kwamba tonado inaweza kutabiriwa kabla haijazaliwa.

Wakazi wa mji huu hawahitaji kuelezwa kwa nini jambo hili ni zito. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021, muda mfupi baada ya saa saba usiku, tonado ilipita katikati ya Bowling Green na kuua watu 17 katika kaunti ya Warren, watoto wakiwamo. Mitaa iliyoumia zaidi ilikuwa na familia nyingi za wageni waliohamia Marekani, na jamii ya Wakongo wanaozungumza Kiswahili ni kubwa katika mji huu. Wengi wetu tulikuja kutoka Kivu au kupitia kambi kama Nyarugusu huko Kigoma, tukiwa tumezoea mvua za radi na pepo za ziwani, lakini hatukuwa na mzee wa kutufundisha nini cha kufanya pale anga linapogeuka kuwa faneli inayong'oa mapaa. Onyo lilikuwa limetolewa usiku ule. Tatizo la onyo la usiku wa manane ni kwamba lazima limwamshe mtu aliyelala, na hapo ndipo redio hii inapoanza kustahili bei yake.

Ili kuona thamani ya mlio wake, inafaa kurudi kwenye kituo cha jeshi cha Tinker, karibu na mji wa Oklahoma City, mwezi Machi 1948. Miller wakati huo alikuwa kapteni, mtu wa California aliyehudumu Bahari ya Pasifiki wakati wa vita na ambaye hakuwa na uzoefu wa hali ya hewa ya nyanda za kati za Marekani. Jioni ya tarehe 20 Machi alikuwa zamu. Ramani zake zilimwonyesha upepo wa nguvu ya kawaida tu, na utabiri alioutoa ulisema hivyo. Ilipofika kama saa nne usiku tonado ilivuka kituo, ikavunja vioo vya jengo alimokuwa, ikazirusha na kuzipondaponda ndege za kijeshi zilizokuwa zimeegeshwa nje, na kuacha hasara iliyokadiriwa kuwa dola milioni 10. Kesho yake maafisa wa uchunguzi waliletwa kutoka Washington, nao wakafikia uamuzi kwamba kwa elimu iliyokuwapo wakati huo tukio lile lisingeweza kutabiriwa na mtu yeyote.

Uamuzi huo ulimwondolea Miller lawama, na afisa mwingine angeuchukua akaenda kulala. Lakini mkuu wa kituo, Jenerali Fred Borum, alimwagiza yeye na Meja Fawbush watafute kama kweli haiwezekani. Wawili hao wakajifungia na ramani za siku za nyuma ambazo tonado zilitokea, wakatafuta mambo yanayojirudia: hewa yenye unyevu mwingi ikipanda chinichini kutoka Ghuba ya Meksiko, hewa kavu juu yake, upepo wa kasi katika tabaka za juu, na mipaka ya hewa inayokutana mahali pamoja kwa wakati mmoja. Walifanya kazi hiyo kwa siku tatu, na tarehe 25 Machi ramani ya asubuhi ikawaonyesha sura ileile ya tarehe 20.

Hapa ndipo ninapomheshimu Miller zaidi, na ninaomba msomaji atulie nami kidogo. Kutabiri tonado kwa saa maalumu na kwa mahali maalumu lilikuwa jambo ambalo taasisi za Marekani zilikuwa zimelikwepa kwa zaidi ya nusu karne. Katika miaka ya 1880 afisa mwingine wa jeshi, Luteni John Finley wa kikosi cha mawasiliano, alijaribu kutoa utabiri wa namna hiyo, lakini wakuu wakapiga marufuku hata kulitaja neno lenyewe katika utabiri, wakihofia taharuki. Marufuku hiyo ilirithiwa na idara ya kiraia ya hali ya hewa na haikuondolewa hadi 1938, na hata baada ya hapo watabiri wa kiraia waliendelea kusita. Miller na Fawbush walijua pia kwamba uwezekano wa kituo kimoja kupigwa na tonado mara mbili katika muda wa siku tano ni mdogo kiasi cha kutoaminika, na kwamba wakikosea, jina lao litabaki mzaha katika jeshi zima. Jenerali alipowauliza kama watatoa utabiri wa tonado, walizungukazunguka kwanza, kisha wakakiri kwamba hali inafanana sana na ile ya siku tano zilizopita. Saa tisa kasoro dakika kumi alasiri utabiri ukatoka. Ndege zikaingizwa mabandani, vitu vilivyolegea vikafungwa, ndege zilizokuwa njiani zikaelekezwa kwingine, na watu wakaondolewa kwenye mnara wa kuongozea ndege.

Mstari wa ngurumo ulipopita juu ya uwanja wa ndege wa kiraia upande wa pili wa mji, taarifa zilizorudi zilitaja mvua ndogo na mawe madogo tu. Miller alikwenda nyumbani akiwa amekata tamaa. Ilikuwa redio ya kawaida ya nyumbani iliyomjulisha, jioni hiyohiyo, kwamba tonado ilikuwa imeipiga Tinker mnamo saa kumi na mbili. Hasara ilikuwa kubwa tena, kama dola milioni 6, lakini hakuna aliyeumia.

Tangu siku hiyo maisha yake yote ya kijeshi yalifuata mstari mmoja. Mwaka 1951 Jeshi la Anga lilianzisha hapo Tinker kituo cha kuonya kuhusu dhoruba kali kwa ajili ya kambi zake za nchi nzima, kikiongozwa na wawili hao, na mwaka 1952 idara ya kiraia nayo, kwa shinikizo la wananchi waliosikia kwamba wanajeshi wanaonywa na wao hawaonywi, ikaanza kutoa utabiri wa tonado kwa umma. Miller hakuficha ujuzi wake. Mwaka 1967 aliuandika katika ripoti ya kiufundi ya jeshi, akieleza ramani kwa ramani na kipimo kwa kipimo jinsi ya kutambua siku ya hatari, na ripoti hiyo ilifundishia watabiri wa kijeshi na wa kiraia kwa miaka mingi. Leo kituo cha kiraia kinachotoa tahadhari za saa kadhaa mbele kwa Marekani yote kiko Norman, Oklahoma, mwendo mfupi wa gari kutoka Tinker. Kompyuta na rada zimeongeza mengi ambayo yeye hakuwa nayo, lakini swali linaloulizwa kila asubuhi mezani pale ni lile alilouliza yeye: je, viungo vyote vitakutana leo, wapi, na saa ngapi?

Nirudi kwenye kifaa. Redio hupokea mojawapo ya masafa saba yaliyotengwa, kuanzia 162.400 hadi 162.550 MHz, na unaposogeza kitufe utapata lile linalosikika vizuri zaidi mahali ulipo. Baada ya hapo unaingiza namba ya tarakimu sita ya kaunti yako. Kwa Warren ya Kentucky ni 021227. Hatua hii ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo watu wanaoiruka. Redio isiyoandikishwa kaunti itapiga kelele kwa kila onyo linalorushwa na mnara wake, hata la kaunti ya mbali, na baada ya usiku wa pili wa kuamshwa bure mwenye nyumba ataichomoa kwenye umeme na kuisahau kabatini. Ikiandikishwa ipasavyo, itasubiri alama za kaunti yako peke yake.

Mlio wake ni mkali, na ninausifu kwa ukali huo. Unaamsha mtu mzima aliyechoka kwa zamu ya kiwandani, jambo ambalo simu iliyowekwa kimya haiwezi. Ving'ora vya mjini vimekusudiwa watu walio nje ya nyumba. Ukiwa ndani, feni inazunguka na mvua inapiga paa, usivitegemee. Redio inatumia umeme wa ukutani na inabaki hai kwa betri umeme ukikatika, kwa hiyo mtandao wa simu ukizidiwa au mnara wa simu ukianguka, bado unasikia. Betri hazikuja ndani ya sanduku, nami nashauri zinunuliwe siku ileile na zibadilishwe kila mwaka. Jaribio la kila wiki, ambalo kwa kawaida hufanyika Jumatano mchana, linakuhakikishia kwamba kifaa kinafanya kazi. Watoto wafundishwe kuutambua mlio huo ili wasiuogope wala wasiuzoee kiasi cha kuupuuza.

Kuna kasoro, na mbili kati yake si ndogo. Ya kwanza ni kwamba kuiandaa kunachosha: vitufe ni vichache, kila kimoja kina kazi kadhaa, maandishi ya kioo ni madogo, na kijitabu cha maelezo kimeandikwa kama kwamba msomaji ameshawahi kumiliki redio nyingine ya namna hiyo. Mama mkubwa anayeishi peke yake hataweza bila kijana wa kumsaidia. Ya pili, na ndiyo inayoniuma, ni lugha. Sauti inayosoma onyo inazungumza Kiingereza, na katika baadhi ya maeneo Kihispania, Kiswahili hakimo. Babu na bibi zetu wanausikia mlio, wanajua kuna jambo, lakini hawajui kama wanaambiwa wajiandae au wakimbilie chumba cha ndani sasa hivi.

Kwa sababu hiyo nimewafundisha jamaa zangu maneno mawili tu ya Kiingereza ya kusikiliza, na ninawasihi wenye redio wafanye vivyo hivyo. Wakisikia "watch", maana yake hali imekuwa ileile aliyoiona Miller kwenye ramani yake asubuhi ya tarehe 25: tonado inaweza kutokea katika saa zijazo, basi viatu, nyaraka na simu zenye chaji ziwekwe karibu, na mtu mmoja abaki macho. Wakisikia "warning", tonado imeonekana kwa macho au kwenye rada, na muda uliobaki ni wa dakika tu. Kila mtu ashuke orofa ya chini kabisa, aingie bafuni au chumba kisicho na dirisha, na afunike kichwa. Baadhi ya redio hizi zina taa ya rangi tofauti kwa kila hali, na kwa nyumba yenye wazee wasiojua Kiingereza ningelipa dola chache zaidi kupata taa hiyo.

Utakuwapo usiku ambao redio italia, mtakaa bafuni, na hakuna kitakachotokea. Nimesikia watu wakilalamika kwamba kifaa kinadanganya. Ningewaomba wakumbuke kwamba Miller mwenyewe alirudi nyumbani jioni ile akidhani amekosea, na kwamba dhoruba iliyotoa mawe madogo upande mmoja wa mji ilizaa tonado upande wa pili. Onyo linahusu hatari iliyopo, na mahali hasa patakapopigwa panaweza kuwa mtaa wa pili.

Ninaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa ajili ya lugha na vitufe. Kwa familia inayohamia Kentucky, Tennessee, Oklahoma au Texas ya kaskazini, ningeinunua kabla ya televisheni. Makanisa na misikiti yetu, ambayo hukusanya michango ya vyombo vya jikoni na magodoro kwa wageni wapya, yangefanya vema kuongeza redio hii kwenye orodha, na kumtuma kijana mmoja aende nyumba kwa nyumba kuingiza namba ya kaunti, kuweka betri, na kukaa na wenyeji hadi jaribio la Jumatano lisikike.