Chati ya ukoo wa Isabelle d'Angoulême: ukutani inapendeza, shida ukianza kuisoma

Nimeoda ile chati kubwa ya kubandika ukutani yenye nasaba ya Isabelle d'Angoulême, mke wa mfalme John wa Uingereza, duka la mtandaoni ila jina silitaji sitaki maneno na mtu. Karatasi nzito, printi safi, ngao za kila ukoo zimechorwa mpaka raha, hapo sina neno. Nyota 3 kati ya 5 na zote tatu ni za mchoraji.

Upande wa wazazi uko poa. Baba ni Aymer, mtawala wa Angoulême, jimbo la huko Ufaransa, mama ni Alice wa Courtenay ambaye babu yake alikuwa mfalme Louis VI wa Ufaransa, kwa hiyo binti kwa mama ana damu ya kifalme na kwa baba ndo mrithi, hana wa kugawana naye. Ila mwaka wa kuzaliwa wameandika 1188 kavukavu wakati hakuna anayeujua kwa uhakika, wangeweka hata alama ya kuuliza.

Sasa njoo kwenye ndoa. Wamechora John, mstari, halafu mume wa pili Hugues X, mstari, basi. Yaani utamu wote umeachwa nje! Huyu binti alikuwa mchumba wa mtu, Hugues IX wa Lusignan, mtawala wa La Marche, na La Marche imepakana na Angoulême, wakioana hao ardhi zinaungana na John anabaki na jirani mkubwa katikati ya nchi zake za kusini mwa Ufaransa. John akaona isiwe tabu, akamuoa yeye, Agosti 1200, binti mwenyewe bado mtoto, pengine hata miaka 13 hajafika. Wakina Lusignan wakaenda kushtaki kwa mfalme Philippe II, maana kwa zile ardhi za Ufaransa John alikuwa chini yake, akaitwa shaurini hakutokea, 1202 ikatoka hukumu anyang'anywe, na 1204 Normandie, ardhi yake ya kaskazini mwa Ufaransa, ikawa imeenda. Na chati inamuonyesha Hugues IX kama baba mkwe tu huko pembeni, hata ule mstari wa vinukta wa kuonyesha uchumba hakuna.

Ndio, baba mkwe, hujasoma vibaya. John alifariki 1216, Isabelle akamwacha mwanae Henry III kwenye kiti cha ufalme akiwa na miaka 9 akarudi kwao Angoulême, na mwaka 1220 akaolewa na Hugues X, mtoto wa yule yule mchumba wake wa zamani. Subiri, haijaisha. Hugues X alikuwa ameshachumbiana na Joan, binti wa Isabelle mwenyewe, uchumba wa 1214 Joan akiwa na miaka kama 4, na mtoto alikuwa akilelewa huko huko Lusignan. Kwa hiyo mchumba akageuka baba wa kambo! Isabelle akamwandikia mwanae mfalme barua kujieleza, kwamba Joan bado mdogo mno, marafiki wa Hugues wanataka apate mrithi haraka, akioa kwingine Ufaransa mtapoteza ardhi, basi bora nimuoe mimi. Mama wa watu na hesabu zake. Joan wakamshikilia kwa muda huku mahari inabishaniwa, 1221 ndo akaolewa na Alexander II, mfalme wa Scotland. Kwenye chati Joan yuko kwa Alexander tu, ametulia kabisa kama hakuna kilichotokea.

Kingine, John alikuwa na mke kabla, naye Isabella, wa Gloucester, ndoa ya 1189 iliyobatilishwa bila mtoto. Wameandika "Isabella" bila kutaja wa wapi, shemeji yangu kaangalia kaniuliza mbona huyu mfalme kamuoa mtu mmoja mara mbili.

Wasionewe lakini, chini kule kwa watoto wamefanya kazi. Watano wa John na tisa wa Hugues wako wote, na unamuona vizuri William de Valence na ndugu yake Aymer, hawa wa tumbo moja na Henry III waliohamia Uingereza 1247 wakapewa mali mpaka mabaroni, yaani mabwana wakubwa wa ardhi, wakachukia na 1258 wakawafukuza. Ukifuata mistari kwa kidole unaielewa hiyo fitina yote bila kusoma kitabu.

Kona ya chini kuna picha ya sanamu ya kaburi la Isabelle kwenye abasia ya Fontevraud, Ufaransa, alikofia 1246, wameipaka rangi ya jiwe. Yake ni ya mbao! Za mawe ni za wale wengine watatu pale, Henry II baba yake John, Eleanor mama mkwe wake na Richard kaka yake John.

Nimewaandikia wenye duka, wakajibu dizaini ndo ilivyo. Kama unataka pambo la sebuleni chukua, ila oda saizi kubwa, ile ndogo majina ya wajukuu hayasomeki. Kama ni ya kufundishia, nunua na kalamu nyekundu kabisa, ile mistari ya vinukta utachora mwenyewe.