TAHADHARI: Vibanio vya springi vya bei chee, picha moja, mzigo mwingine

Mafundi na wote mnaotengeneza pikapu zenu wenyewe nyumbani, someni hili kabla hamjalipia kibanio cha springi mtandaoni, yaani kile kifaa cha fimbo mbili zenye nyuzi za skrubu na kulabu, kinachobana springi ya gari ili shokapu ifunguliwe. Kuna wauzaji wanaoweka picha ya kibanio cha chuma kilichofuliwa (kilichogongwa kikiwa moto), chenye pini za usalama kwenye kulabu, halafu wanatuma kitu kingine kabisa: kulabu za chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), pini hakuna, na fimbo za nyuzi nyembamba zisizo na alama yoyote. Rangi ni ileile na boksi ni lilelile, kwa hiyo mnunuzi hashtuki.

Chukua springi ya mbele ya pikapu yenye ugumu wa nyutoni 100 kwa kila milimita. Ukiibana sentimita 10 kutoka urefu wake wa kawaida, inasukuma kwa nyutoni 10,000, yaani karibu uzito wa tani moja, na mzigo wote huo umebebwa na fimbo mbili tu. Kulabu moja ikikatika, springi inaruka na chochote kilichoishikilia. Inavunja taya. Inaua.

Tangazo likisema "tani 1", muulize muuzaji: ni kwa kila fimbo au kwa jozi? Kulabu inapokea waya wa springi wenye unene wa milimita ngapi? Vibanio vingi vya aina hii vimekusudiwa springi za magari madogo. Kwenye waya mnene wa pikapu, kulabu haizami hadi mwisho, inashika kwa ncha, na ncha ndiyo inayoteleza. Muuzaji akikwepa maswali haya mawili, achana naye, hata bei ikiwa tamu namna gani.

Mzigo ukishafika, rekodi video unapofungua boksi, kisha kagua kabla ya kufunga chochote. Tazama ubavu wa kulabu. Chuma cha kusubu huwa na mstari mwembamba ulioachwa na maungio ya kalibu, na uso wake una chembechembe kama mchanga, wakati mwingine na vitundu vidogo. Kilichofuliwa huwa na mstari mpana zaidi, mara nyingi umesagwa ukawa bapa. Rangi nzito inaweza kuficha haya, kwa hiyo kwangua kidogo sehemu isiyobeba mzigo. Kisha zungusha nati kwa mkono kutoka mwanzo wa fimbo hadi mwisho. Ikikwama mahali, au ikicheza huku na huku, nyuzi zimekatwa vibaya. Kwenye kichwa cha fimbo, ambayo ni bolti ndefu, tafuta namba ya daraja la uimara, kama 8.8 au 10.9. Kukosekana kwake kunatosha kukukataza kukitumia, ila kuwepo kwake si uthibitisho, maana namba nayo hugongwa tu na mtu yeyote.

Usikijaribu "kidogo tu uone". Ukishakipa mzigo, muuzaji atadai umekiharibu mwenyewe. Mbinu nyingine yao ni kukurudishia sehemu ya pesa ili ubaki na kifaa. Ukikubali, malalamiko yako yanafungwa, na kifaa kinabaki kwako kikingoja siku kitakapoachia. Dai pesa yote, tena kupitia mtandao ulionunulia, usikubali kuhamia kwenye ujumbe wa pembeni.

Wauzaji hawa hupenda kusema fundi ndiye aliyekosea, kwa hiyo hata ukiwa na kibanio kizuri, usiwape sababu. Paka grisi kwenye nyuzi, lakini kulabu na springi ziwe kavu. Weka fimbo mbili zikitazamana, kila moja upande wake wa springi, zikamate koili (mizunguko ya waya wa springi) nyingi iwezekanavyo, na pini zifungwe. Kaza kwa spana ya mkono, mizunguko miwili au mitatu upande huu, kisha idadi hiyohiyo upande wa pili. Mashine ya upepo au ya betri usiiguse: inachemsha nyuzi, inazing'ata, na fimbo inaweza kukatika bila onyo. Springi ikianza kupinda kama ndizi, simama, legeza, panga upya. Usibane mpaka koili zigusane. Inatosha springi ikianza kucheza kwenye kikombe chake, yaani kiti inachokalia, hapo ndipo unafungua nati ya juu ya shokapu, si kabla. Uso na kifua visiwe kamwe kwenye mstari wa ncha za springi, na wakati wa kulegeza fuata utaratibu uleule, polepole.

Kwa springi nzito za pikapu, ushauri wetu ni kupeleka shokapu yenye springi yake kwenye karakana iliyo na mashine ya kubania ya kusimama, ile inayoshika springi kwa vikombe vipana na kizuizi mbele. Au nunua seti iliyokwisha kuunganishwa, shokapu, springi na kiti chake cha juu pamoja, ambayo unafungua bolti za ya zamani na kufunga mpya bila kubana chochote. Na kama kile cha kulabu za kusubu tayari unacho, usimwazime mtu wala usikiuze tena. Kata fimbo zake kwa msumeno ndipo ukitupe.