Remmy Ongala: uanze na albamu ipi, na kwa nini usilipe kabla hujasikia mwisho wa wimbo

Ujumbe ninaoupokea zaidi siku hizi si wa sabufa wala redio za gari tena. Ni wa Remmy, yule mwimbaji wa dansi wa bendi ya Super Matimila. "Dada, nimenunua flashi ya Remmy Ongala pale Mwanga hapa Kigoma, mbona nyimbo zinaisha kabla hazijachanganya?" Mwingine wa Ujiji anasema kila wimbo kwake ni dakika tatu kasoro. Wa Kasulu ndiye aliyenichefua kabisa, maana yeye alirudi kulalamika, na muuzaji akamjibu kwamba ndivyo Remmy mwenyewe alivyorekodi.

Sivyo. Remmy hakurekodi hivyo, na bendi yoyote ya dansi ya wakati wake haikurekodi hivyo.

Wimbo wa dansi una nyumba mbili. Kwanza maneno, mwendo wa pole, kisa kinaelezwa. Kisha magitaa yanashika, mwimbaji anageuka mzungumzaji, anatania, anataja watu, gitaa la solo linajibizana na ridhimu, na aliyekuwa amekaa anainuka. Wanamuziki wa Dar waliiita chemko. Sisi huku, kwa ujirani wa Kongo, tumezoea kusema sebene. Sasa hiyo ndiyo inayokatwa. Ni sawa na kuuziwa mgebuka ukakabidhiwa kichwa, mnofu ukabaki kwa muuzaji.

Kwa hiyo mwongozo huu hautahangaika na kava wala besi, wala na kwamba CD imechubuka au haijachubuka. Hayo mnayaona wenyewe. Mimi naangalia kitu kimoja: wimbo umefika mwisho wake?

Namna ya kujua ni rahisi. Watu wengi dukani wanasikiliza mwanzo, wanatikisa kichwa, wanalipa. Wewe mwambie kijana asogeze mpaka sekunde thelathini za mwisho. Kama magitaa yanafifia taratibu au bendi inafunga kwa pamoja, salama. Kama sauti inakatika ghafla katikati ya pigo, au anaingia mtangazaji, au inasikika "DJ Nani kwenye mashine", rudisha. Na kama hataki kukuchezea, angalia ukubwa wa faili: kwa ubora wa kawaida wa 128 (yaani kilobiti 128 kwa sekunde), dakika moja inakula karibu megabaiti moja. Ukikuta wimbo wa dansi una megabaiti mbili na nusu, ama umekatwa ama umebanwa hadi gitaa linalia kama nzi ndani ya chupa. Vyote viwili ni wizi.

Haya, twende kwenye albamu.

Ya kwanza: Songs for the Poor Man (1989)

Mnaosema nawapigia debe Real World, lebo iliyoitoa albamu hii, mmesema kweli. Nawapigia. Lebo hii ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, yenye studio yake kijijini Box huko Uingereza, ilianza 1989, na Remmy na Super Matimila walikuwa miongoni mwa waliotolewa mwanzoni kabisa, baada ya kuzunguka na WOMAD, matamasha ya muziki wa mataifa mbalimbali, mwaka mmoja kabla. Faida yake kwa mnunuzi wa leo ni kwamba nyimbo zilirekodiwa kwa nafasi, hakuna aliyekuwa ameshika saa kwa ajili ya taarifa ya habari, na nakala rasmi iko ile ile popote utakapoinunua.

Anza na "Nasikitika", kisha "Karola", kisha "Sauti ya Mnyonge", ambao ndio uliobeba jina alilopewa na watu. "Kipenda Roho" utaupenda hata kama hutaki. Halafu ukae na "Muziki Asili Yake Wapi", usifanye kazi nyingine, uwasikilize wapiga magitaa. Batii Osenga kwenye solo hapigi kwa fujo; anakusubiri. Ukiwa na nakala iliyokatwa hutamjua Batii kabisa, kwa sababu kazi yake kubwa iko kule mwishoni.

Kuna wanaoniambia albamu hii imesafishwa mno, haina vumbi la ukumbi. Labda. Lakini kwa anayeanza, heri ipungue vumbi kuliko ipungue wimbo. Ukinunua moja tu maishani, iwe hii.

Ya pili: Nalilia Mwana (1988)

Hii ilitolewa na WOMAD kabla ya Real World kuanza, ikiwa na bendi inayosikika zaidi kama ilivyosikika nyumbani. Sauti ni kavu kidogo, lakini uchungu wa "Mnyonge Hana Haki" humu ndani ni wa moja kwa moja, haujapigwa pasi. Kwa mtu aliyekwisha kuizoea ya kwanza, huenda hii ikaipita hiyo kwa utamu. Sijaiweka juu kwa sababu moja tu: kuipata nzima ni kazi. Nakala nyingi zinazozunguka zimetolewa kwenye kanda zilizochoka, na kanda ikichoka huanza kula mwisho wa upande. Umeelewa ninakorudi.

Ya tatu: nyimbo za Radio Tanzania

Si albamu, lakini lazima niziweke hapa, maana ndizo wazazi wetu walizoea. Miaka hiyo bendi ziliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wimbo ukabaki kwenye mkanda wa redio, ukapigwa hewani, na mtu nyumbani na redio kaseti yake akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Remmy, mzaliwa wa Kindu mwaka 1947, alifika Dar mwaka 1978 kujiunga na bendi ya Orchestra Makassy, baadaye akaenda bendi ya Matimila, ndiyo hiyo Super Matimila, na sehemu kubwa ya jina lake aliijenga kwa njia hiyo ya redio. "Kifo" mnaujua wote. Msiba gani haujaupiga?

Shida yake ni ya asili. Mtangazaji alikuwa na ratiba, akaingia juu ya chemko kusoma matangazo ya vifo au salamu, na aliyekuwa anarekodi nyumbani akazima. Nakala hiyo iliyozimwa ndiyo iliyokuja kuwekwa kwenye kompyuta, ikapanda mtandaoni, ikashuka kwenye flashi ya Mwanga. Kwa hiyo wapo wauzaji wasio na kosa la kukata. Kosa lao ni kuuza bila kusikiliza.

"Mambo kwa Soksi" nao unatafutwa humu. Ule wimbo wa kondomu na ukimwi redio ya taifa haikuutaka, ukatembea kwa kanda mkono kwa mkono. Tafadhali: "Mambo kwa Soksi" ni wimbo, Mambo ya 1992 ni albamu, ni vitu viwili. Kuna msomaji kauziwa cha pili akitaka cha kwanza, na muuzaji anamwambia "si ni Mambo hiyo hiyo, mama?"

Ya nne: Mambo (1992)

Real World tena, safari hii na prodyuza Rupert Hine. Upendeleo wangu kwa lebo hii una mpaka, na mpaka ni hapa. Nyimbo kadhaa ni za Kiingereza, kama "One World" na "No Money, No Life", na Remmy wa Kiingereza ni mpole kuliko mtu tunayemjua. Kiswahili chake kina namna ya kukusema ukacheka kwanza, ukagundua jioni kwamba ulisemwa. Hicho hakikuvuka. Kwenye kipimo changu inapita vizuri: nyimbo zimefika mwisho wake. Inunue baada ya hizo nyingine.

Sema, iliyofuata katikati ya miaka ya 1990, ni ya wale waliokwisha kunogewa. Na nyimbo za injili alizoimba baada ya kuokoka, kabla hajafariki Desemba 2010, ziko kwenye rafu nyingine kabisa. Mama zangu wa kwaya watanipinga, nawaheshimu, ila mtu anayeanza asianzie huko.

Kuhusu bei na maneno ya wauzaji

Sasa niseme. Ukiulizia CD halisi hapa mjini unaambiwa "haipo, Kigoma ni mwisho wa reli". Sawa, ni mwisho wa reli. Lakini mbona kava za simu za mtindo wa juzi zinafika? Mbona wimbo uliotoka Kinshasa asubuhi jioni unapigwa Kibirizi? Mwisho wa reli huwa unatajwa ukitaka kitu kizuri tu. Halafu ikipatikana moja, unatajiwa bei ambayo ukiiuliza mara mbili inapanda, eti kwa sababu "umeonyesha unaijua".

Kuna lingine la hapa kwetu. Kwa kuwa Remmy alizaliwa Kongo, vijana wanamchanganya kwenye folda moja na Wakongo wote. Unafungua "Remmy zote", unakuta nyimbo ambazo hata sauti si yake, nyingine ni Lingala tupu. Mwenye kibanda mmoja alinijibu kwamba wateja hawajali, wanataka idadi. Ndiyo maana wanakata: wimbo mmoja mrefu unachukua nafasi ya mitatu mifupi, na kwenye bango inapendeza kuandika "nyimbo 200". Marehemu ana kituo cha daladala kinachoitwa kwa jina lake kule Sinza, lakini kwenye hiyo biashara ya nyimbo 200 sidhani kama familia yake inaona hata senti. Na ile stempu ya kodi iliyobandikwa kwenye CD ya kuchoma, iliyofotokopiwa mpaka imekuwa ya kijivu, tusiambiane kwamba ni "orijino".

Njia ninayoipendekeza: nunua Songs for the Poor Man kidijitali kwenye duka la mtandaoni la lebo yenyewe, ukilipa kwa kadi ya mtandaoni unayotengeneza kwenye pesa ya simu. Ukishindwa, isikilize kwenye programu za muziki zenye leseni, uipakue kwenye simu usiku bando likiwa rahisi. Hakikisha jina la lebo limeandikwa. Kama hakuna jina la lebo, kuna mtu kapandisha ya kwake, na huenda ni ile ile iliyokatwa.

Wa bajeti ya flashi ya buku mbili: chukua nyimbo kumi, usichukue mia mbili, uzichague mwenyewe, na kila moja isogezwe mwisho mbele yako. Kijana akinuna, kibanda cha pili kiko hatua chache.